Kasha Lisilo na Upenyo

Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza yake ya kazi, akitafuta skrubu iliyomponyoka, aliposikia sauti iliyomfanya asahau skrubu na nusura asahau na jina lake.

"Hodi hapa! Mwenye duka yupo?"

Miaka miwili alikuwa hajaisikia sauti ile, lakini ziko sauti ambazo hazihitaji kujitambulisha. Hii ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, mama aliyewanyamazisha wanafunzi mia sita kila asubuhi kwa miaka thelathini bila kipaza sauti. Ndiyo sauti iliyowahi kusema, mezani, mbele ya watu wazima na akili zao: "Mwanamke anayeshika bisibisi kutwa nzima, nyumba ataishika saa ngapi?"

Fundi akainuka kwa pupa. Kichwa kikagonga meza, paa!

"Pole," ikasema sauti ya pili, nzito na ya chini.

Hapo ndipo moyo wake ulipokwenda mbio kweli. Nyuma ya mama alisimama mwana, seremala, mrefu vile vile, mabega yale yale, vumbi la mbao likiwa bado limemkaa kwenye nyusi. Mikononi alikumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa shuka. Alimtazama Fundi mara moja, macho yao yakakutana, halafu akayashusha sakafuni. Kuangalia chini huyo hajambo, Fundi akasema moyoni. Kipaji alichopewa ndicho hicho.

Maana, msomaji wangu, hawa wawili walipendana wakapendeza. Wahenga hawakukosea waliposema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtaa mzima ulijua, na hata wateja wa duka walijua kwamba saa saba mchana usimwulize Fundi habari za kompyuta, maana Seremala yuko njiani anakuja kula naye. Mambo yakaiva, Seremala akampeleka nyumbani kumtambulisha. Mama akatoa lile neno la bisibisi. Watu wote wakamgeukia mwana wasikie atasema nini. Mwana akakaa anaangalia kitambaa cha meza, kimya, hakusema ndiyo wala siyo. Fundi akaweka kikombe chini, akashukuru kwa chai, akaondoka. Huyu akanuna, yule akaona haya, na miaka miwili ikapita hivi hivi bila simu wala salamu.

Sasa wote wawili walikuwa mlangoni kwake. Duka lenyewe, ndani ya ukumbi wa maduka, kati ya fotokopi na makava ya simu, lilikuwa jembamba, meza moja, viti viwili, rafu za maboksi mpaka darini, na ukutani feni iliyokuwa ikizunguka kwa uvivu.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi, kwa sababu alilelewa.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni."

Mama akaingia na fimbo yake, akakaa bila kungoja kuonyeshwa kiti. "Najua hukunitarajia. Hata mimi sikujitarajia. Lakini nimezunguka maduka manne, kote wananiita bibi na kunionyesha vitu vyenye taa. Nikauliza, katika mji huu fundi wa kompyuta asiyedanganya ni nani? Wote wakanielekeza hapa. Nikasema haya, Mungu naye ana utani wake."

"Mama anatafuta nini?"

"Kompyuta ya kuchezea gemu."

"Ya mjukuu?"

"Mjukuu gani? Huyu amenipa mjukuu?" Akamnyooshea mwanawe fimbo. Seremala akakohoa. "Ni yangu mimi."

Fundi alidhani anataniwa, lakini uso wa mama ulikuwa umekaza kama siku ya mtihani. Akaeleza kila kitu. Alipasuliwa goti, akalazwa nyumbani miezi mitatu, na jirani akamwazima tableti ya kupotezea muda. Ndani yake mlikuwa na mashindano ya magari. Siku ya kwanza aligonga kila ukuta. Siku ya kumi alikuwa anashindana na watu asiowajua, wa nchi asizozijua, na kuwapita kwenye kona.

"Huko ndani wananiita Bibi Breki," alisema.

"Kwa nini Breki, mama?"

"Ni kejeli. Breki siishiki." Akaegemea mbele. "Juzi nilifika fainali. Kona ya mwisho niko wa kwanza, tableti ikaganda. Ikaganda! Mtu wa nne akanipita ananipigia honi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nimekubali, lakini siku ile sikula."

Fundi akauma mdomo asicheke.

"Marehemu mume wangu hakutaka nijifunze kuendesha," mama akaendelea, na sauti ikashuka. "Alisema nitagonga mti. Miaka thelathini na minne nimekaa kiti cha pembeni nikimwambia punguza, kata kulia, angalia ng'ombe. Sasa nataka usukani niushike mwenyewe."

Fundi, aliyekuwa ameufanya moyo wake jiwe tangu hodi ya kwanza, akahisi jiwe linalainika. Akaudhika kwa kulainika kwake.

Mama akatoa bahasha mkobani. "Hiki ndicho nilicho nacho. Najua hakitoshi, usinisonyee."

Fundi akachungulia. Kweli hakikutosha kwa vitu vilivyoandikwa kwenye karatasi ya mama, alivyoshauriwa na wapinzani wake wa kwenye gemu, watu wasiojua pensheni ni kitu gani. "Kinatosha, mama, tukichagua kwa akili. Ila utanisikiliza mimi, siyo karatasi hii."

"Mimi nisikilize?"

"Ndiyo, mama."

Seremala akainua macho haraka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama yake hivyo. Mama mwenyewe akakunja karatasi na kuirudisha mkobani.

Fundi akaanza kazi, na kazini Fundi alikuwa mtu mwingine. Mikono ilijua inakokwenda. Akapanda ngazi, akashusha boksi moja la kijivu lisilopendeza. "Kila mtu anaanza na kadi ya picha, ile ya kuchora gemu kwenye skrini. Mimi naanza na hii, pawasaplai, inayogawa umeme. Ukinunua mbovu, siku ikifa inakufa na wenzake wote. Hapa hatubani pesa."

"Mbona haina hata taa?"

"Moyo nao hauna taa, mama."

Mama akaguna. Fundi akaweka prosesa, ubongo wa mashine, mezani, akaeleza kwamba si toleo jipya, ni la mwaka juzi, lakini kwa magari ya kushindana linatosha na kubaki. Kisha akatoa kadi ya picha kwenye mfuko wake wa kitambaa, taratibu, kama anayetoa yai kiotani.

"Hii imetumika," alisema. "Sikufichi. Ilikuwa ya mtu wa studio ya picha. Nimeifungua mwenyewe, nimeisafisha, nimeiendesha siku tatu mfululizo. Mpya ingekula bahasha yote, ukabaki na kadi mkononi na gari huna."

"Na ile pale yenye rangi rangi?"

"Hiyo nguvu zake ni hizi hizi. Utalipia urembo."

"Rahisi huvunja upishi, wanasema."

"Hii si rahisi, mama. Hii ni ya bei ya chini. Mbovu ndiyo rahisi."

Mama akamtazama muda mrefu kidogo, jicho la mwalimu aliyepata jibu asilolitegemea. "Endelea," alisema.

Zikafuata memori, vipande vya kumbukumbu. Fundi akaweka mbili ndogo kando ya moja kubwa. "Ukubwa jumla ni sawa. Lakini nakushauri uchukue mbili. Zikifanya kazi pamoja zinakwenda upesi kuliko moja kubwa iliyo peke yake."

"Hata ikiwa na nguvu, hiyo moja?" aliuliza Seremala. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu pole.

"Hata ikiwa na nguvu," alijibu Fundi bila kumtazama. "Ikiwa peke yake inachoka bure."

Mama akatazama memori, akamtazama mwanawe, akamtazama Fundi, akasema, "Haya, tuchukue hizo mbili, kabla hamjaanza kuzililia."

Uso wa Fundi ukapata moto. Akajishughulisha na diski, akachagua usukani uliotumika lakini mzima, na alipomaliza kujumlisha, bahasha ilikuwa imebaki karatasi tupu. "Kasha la kuvitia vyote ndilo limebaki. Na hela imekwisha."

"Kasha tumekuja nalo," alisema Seremala.

Akaliweka mezani, akavuta shuka.

Lo! Fundi alikuwa ameona makasha ya kila namna, ya bati, ya plastiki, ya kioo, lakini hili lilikuwa la mbao ya mninga, limepigwa msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Pembe zilishikana kwa meno, ubao ndani ya ubao, bila msumari hata mmoja, na mlango wake ulifunga usione ulipoanzia. Akapitisha kidole ubavuni. Kikafika kwenye kifundo cheusi chenye umbo la jicho, na hapo kidole kikakwama.

Kifundo kile alikuwa anakijua. Yeye ndiye aliyeuchagua ubao ule, kwenye yadi ya mbao, siku ya mvua, akasema: huu uwe wa kichwani, jicho likae upande wangu lituangalie. Zile zilikuwa mbao za kitanda chao.

Akafungua boksi la bodi, sahani ya kuunganishia vipande vyote.

"Kwanza naunganisha hapa nje, juu ya boksi," alisema. "Kila kitu nakiwasha nje kabla sijakifunga ndani. Ndiyo kawaida yangu."

Akaunganisha. Wale wawili wakamtazama. Seremala alimshikia tochi bila kuambiwa, kama zamani, mwanga ukienda pale hasa anapoutaka kabla hajasema. Mara moja vidole vyao viligusana juu ya waya, na wote wawili wakaomba radhi kwa pamoja. Saa moja na ushei baadaye akabonyeza, skrini ya dukani ikaamka, na Bibi Breki akashika usukani. Mama akaendesha mzunguko mzima pale mezani, ulimi nje kama mtoto, akaruka kona, akapita watu, akapiga kelele: "Ondoka njiani, wewe!"

"Sasa iweke kwenye kasha," aliamuru.

"Mama, humo haitafanya kazi," alisema Fundi. "Hakuna pa kupitia hewa. Vyuma hivi vinapata joto, lazima joto litoke."

"Mwanangu hajawahi kutengeneza kitu kibovu. Weka."

Fundi akaweka. Kila kitu kilikaa mahali pake sawasawa, maana Seremala alikuwa ametafuta vipimo vya bodi na kadi akavifuata mpaka unene wa kucha. Mlango ukafungwa. Mama akaondoka kwa kasi. Mzunguko wa kwanza salama. Wa pili, feni za ndani zikaanza kulia. Wa tatu zikapiga mayowe, na kwenye kona ya mwisho, Bibi Breki akiwa wa kwanza peke yake barabarani, skrini ikawa nyeusi.

"Imezima! Nilikuwa naongoza! Imezima tena!" Mama akaweka kiganja juu ya mninga, akakitoa upesi. "Hili ni kasha au pasi?"

Seremala alikuwa amesimama amejishika kichwa. "Nimepima bodi," alisema. "Nimepima kadi, nimepima waya. Hewa sikuipima." Akamgeukia Fundi, uso umemshuka. "Sisi kwetu mwanya ni aibu. Miaka yote nafundishwa kuziba."

Fundi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka chenyewe, na Seremala naye akaanza, kwanza puani, kisha mabega yakatikisika. Walicheka mpaka Fundi akafuta machozi kwa mkono wa koti lake la kazi. Walikuwa hawajacheka pamoja kwa miaka miwili, na walipokumbuka hivyo, kicheko kikaisha ghafla.

Mama akachukua fimbo. "Goti linaniuma kwenye kiti hiki. Nakwenda kwa huyo jirani wa fotokopi kuomba maji na kiti chenye mgongo. Nikirudi nikute mna jibu."

Akatoka, fimbo ikigonga sakafu, ko, ko, ko. Wakabaki wawili, na kasha katikati yao.

"Hicho ni kitanda changu," alisema Fundi.

Seremala hakujifanya haelewi. "Ndicho."

"Umechukua kitanda changu ukafanya kasha la gemu."

"Nilikuwa nimemaliza ubao wa kichwani tu. Tangu siku ile sikuweza kuendelea. Mbao zilisimama ukutani karakanani, kila asubuhi zinaniangalia. Wateja watatu wamezitaka. Niliwaambia zina mwenyewe."

"Halafu ukazikata."

"Mama aliposema anakuja kwako, nilijua sina neno la kuingia nalo humu ndani. Nikasema mbao zitangulie, mimi nitafuata."

"Mbao hazisemi."

"Najua."

"Hujui!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Unadhani niliachwa na mama yako? Maneno kama yale nayasikia kila siku. Wateja wanaingia hapa wananiuliza fundi yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yao na bisibisi mkononi. Neno la mama yako ningelibeba. Niliachwa na wewe, uliyekaa unahesabu maua ya kitambaa cha meza."

"Yalikuwa kumi na manane," alisema Seremala polepole.

Fundi hakujua ampige au amkumbatie. "Kwa nini ulinyamaza? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niambie leo."

Seremala akavuta pumzi. "Niliogopa. Baba alikuwa na miezi mitano tangu atutoke. Mama alikuwa analia kila siku, anajificha jikoni. Nikasema nikimpinga mbele za watu atavunjika. Nitamwambia kesho tukiwa wawili. Kesho ikawa kesho kutwa. Nikataka kukupigia simu, nikaona nitaanzia wapi. Halafu aibu ikawa kubwa kuliko hata ule woga. Sijitetei. Umeuliza, nimesema."

Fundi akatazama pembeni, kwenye rafu, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

"Una mtu?" aliuliza Seremala. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Wapo wanaouliza."

"Na wewe?"

"Nawaambia nina kazi nyingi."

Seremala akapiga hatua moja. Fundi akainua kiganja, akamsimamisha.

"Usinisogelee. Nisikilize kwanza. Sikubali kubembelezwa nyuma ya mlango halafu mbele ya watu nikawa sipo. Mama yako anarudi sasa hivi. Ukibeba kasha lako ukatoka kimya kama siku ile, usirudi tena kwangu. Hata simu yako ikiharibika, tafuta fundi mwingine. Nimekungoja miaka miwili bila kukwambia kwamba nakungoja, na leo naacha."

Kabla hajajibu, fimbo ikasikika. Ko, ko, ko.

"Haya, jibu?" aliuliza mama.

Fundi akachukua mashine ya kutoboa kwenye ndoano ukutani, akafunga keekee nyembamba. Alijilazimisha kuzungumza kama fundi. "Tunatoboa. Safu tatu za matundu nyuma, na nyingine chini ya kadi. Hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu."

"Utatoboa hili?" Mama akasogea, akalifunika kasha kwa mkono. "Kazi nzuri namna hii? Mwanangu hakulala akilitengeneza. Uje ulitie matundu kama chujio? Hapana. Hutoboi."

Kwa hiyo walikuwa pale pale tena, wale wale watatu. Mama alikuwa amesema neno lake. Fundi alisimama na mashine mkononi, hakumjibu mama. Alimtazama Seremala. Na Seremala, ole wake, alikuwa anaangalia sakafu.

Sekunde moja ikapita, ikapita ya pili, ya tatu. Fundi akasikia kitu kinavunjika taratibu ndani ya kifua chake. Alikuwa amejua, kwa nini alijidanganya? Akaanza kuirudisha mashine kwenye ndoano.

"Mama, mwache atoboe."

Mama akageuka. "Unasemaje?"

"Mwache atoboe." Seremala alikuwa ameinua kichwa. Uso ulikuwa umelowa jasho kama aliyebeba magogo. "Hilo si kasha langu peke yangu. Hizo ni mbao za kitanda. Changu na chake. Aliuchagua yeye huo ubao unaoufunika kwa mkono."

"Kitanda gani tena?"

"Mama yangu, nisikilize mpaka mwisho, maana nikikatika sijui kama nitaanza tena. Siku ile uliposema lile neno, nilikuwa nampenda, na nilinyamaza. Leo bado nampenda. Wewe ni mama yangu, nitakuheshimu na kukutunza mpaka mwisho, goti lako ni jukumu langu na gemu lako pia. Lakini huyu anashika bisibisi, mimi nashika nyundo, na nyumba tutaishika wote wawili. Ukikataa nitaumia. Kunyamaza sitanyamaza tena."

Mama akakaa chini polepole. Fimbo ikateleza ikaanguka, na hakuna aliyeiokota. Alipoanza kuongea, ile sauti ya mistari ya asubuhi haikuwepo.

"Miaka miwili nzima," alisema. "Miaka miwili nangoja unibishie."

"Mama?"

"Darasani nilikuwa na mtindo wangu. Nikitaka kujua kama mtoto ameelewa kweli, naandika ubaoni jibu lisilo sahihi, natulia, naona nani ataniinulia mkono. Anayejua hawezi kuvumilia, ataniambia mwalimu umekosea hata kama ananiogopa. Siku ile nilisema neno, nikakuangalia. Nikasema kama anampenda atanibishia. Ukaangalia meza. Nikasema basi, huyu hampendi, bora binti wa watu ajue mapema."

Seremala akaegemea rafu.

"Lakini nisijisafishe," mama akaendelea, na akamgeukia Fundi. "Haukuwa mtihani tupu. Nilikuwa mjane wa miezi mitano, nikakuona umekuja kunichukulia wa mwisho niliyebaki naye. Nikachagua neno la kuuma, nikajua linauma. Nilikukosea, mwanangu. Mtu mzima akikosea naye anaomba radhi. Nisamehe."

Fundi alitaka kusema neno la heshima, neno la watu wazima, lakini badala yake akalia. Alilia huku ameshika mashine ya kutoboa kifuani kama mtu aliyeshika mtoto. Mama akamnyang'anya mashine, akaiweka mezani, akamvuta kichwa begani kwake.

"Basi, basi. Yamekwisha. Toboeni kasha lenu, mimi nina mashindano Jumapili."

"Hayajakwisha," alisema Fundi, akijifuta.

"Kuna nini tena?"

"Amemwambia mama yake. Mimi hajaniambia kitu."

Seremala akamsogelea. Safari hii hakusimamishwa. Akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana, akanong'ona maneno matatu au manne.

"Sijasikia," alisema Fundi.

Akarudia, kidogo zaidi.

"Bado. Siku ile kimya chako walikisikia watu kumi na wawili. Mimi nitasikiaje kwa kunong'onezwa?"

Seremala akamtazama, akaelewa. Akajiweka sawa, akavuta pumzi ikamjaa kifua kizima. "Nakupenda!" alisema, na ile sauti ya mama yake, kumbe, na yeye alikuwa nayo siku zote. Jirani akazima mashine ya fotokopi. Mtu wa makava ya simu akatoa kichwa nje. "Nakupenda, nilikupenda siku ile, na nilikuwa mjinga! Nataka kukuoa! Je, utanikubali?"

Ukumbi mzima wa maduka ukatulia. Fundi alihisi masikio yake yanawaka na machozi yanarudi bila ruhusa, lakini hakuyaficha, na hakuinama.

"Jumamosi mje kwa mjomba wangu," alisema. "Wazee wako waje na heshima zao. Wewe uje na huo mdomo."

"Nitakuja nao. Lakini hujanijibu."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Jibu langu lilikuwa ndiyo tangu siku ile. Aliyechelewa ni mwenye kuuliza."